Kivu: Ndege za uangalizi zaona, nani atachukua hatua?

Makubaliano yaliyotiwa saini mjini Doha tarehe 14 Oktoba 2025 baina ya serikali ya Kongo na kundi la M23 yaliunda chombo cha kusimamia na kuthibitisha usitishaji mapigano. Kuthibitisha ni kujua nani alianza kufyatua risasi, kilima kipi kimetekwa usiku, na malori yalielekea wapi. Katika milima ya Masisi na Walikale, ambako mvua moja hutosha kuifunga barabara, kazi hiyo yahitaji jicho la angani.

Jicho hilo si geni Kivu. Tarehe 3 Desemba 2013, Umoja wa Mataifa ulirusha kutoka Goma ndege ndogo isiyo na rubani aina ya Falco, iliyotengenezwa Italia. Uzito wake haukufika nusu tani. Ilibeba kamera za mchana na usiku, bila silaha yoyote. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kikosi cha kulinda amani cha Umoja huo kutumia droni zake cha uangalizi. Ilichelewa, hata hivyo: M23 waliiteka Goma Novemba 2012 mbele ya macho ya walinda amani, wakashindwa mwanzoni mwa Novemba 2013, na droni ikaruka mwezi mmoja baadaye.

Tendo lake linalokumbukwa zaidi halikuwa la vita. Mei 2014, droni iliona mashua iliyopinduka katika Ziwa Kivu. Boti za walinda amani zikaokoa watu zaidi ya kumi. Siku ile picha ilimfikia mtu mwenye boti na mwenye amri ya kuiondoa. Vitani, picha hupita kwa wachambuzi, kisha kwa makamanda, na wakati mwingine husubiri ridhaa ya nchi iliyotoa askari. Wakati huo kijiji kimekwisha kuhamwa. Na picha yenyewe ina mipaka. Chini ya msitu wa Beni kamera huona kidogo sana, na hata mahali peupe, watu kumi wanaotembea kwa mstari waweza kuwa waasi au wakulima watokao shambani.

Tangu hapo anga lenyewe limekuwa uwanja wa vita. Mwaka 2023 jeshi la Kongo lilipokea droni za CH-4 kutoka China, ambazo huona na kupiga pia. Februari 2024, kwa mujibu wa waraka wa Umoja wa Mataifa ulioripotiwa na shirika la habari la AFP, kombora lilirushwa dhidi ya droni ya uangalizi ya Umoja huo kutoka eneo lililoshikwa na M23, halikuipata. Mwezi huohuo uwanja wa ndege wa Goma ulishambuliwa kwa droni, na Kinshasa ikailaumu Rwanda. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti pia kuvurugwa kwa mawimbi ya GPS Kivu Kaskazini, jambo la hatari kwa ndege isiyo na rubani, ambayo hutegemea mawimbi hayo kujua ilipo.

Sasa hata pa kurukia ni tatizo. Uwanja wa Goma ulifungwa baada ya mapigano ya Januari 2025. Kavumu, karibu na Bukavu, ulitwaliwa na M23 mwezi uliofuata, na walinda amani walikuwa wameondoka Kivu Kusini tangu Juni 2024. Linabaki pia suala ambalo wanadiplomasia hupenda kuliahirisha: picha zitakabidhiwa nani? Zikienda Kinshasa peke yake, M23 wataiona droni hiyo kuwa mpelelezi wa adui. Zikienda pande zote mbili kwa wakati mmoja, kila kamanda atajua mwenzake amepanga wapi mizinga yake. Ndege itakayoruka kutoka Beni au Bunia, miji iliyo mikononi mwa serikali, italazimika kupata ruhusa ya anga upande mmoja na ahadi ya kutotunguliwa upande wa pili, kabla haijapiga picha hata moja.