Siku ya Nne

Mseto, dawa ya malaria, huisha siku ya tatu. Mtu mzima humeza vidonge vinne asubuhi na vinne jioni, na siku ya tatu karatasi tupu inatupwa. Siku ya nne mchezaji anavaa jezi.

Mwaka juzi nilikaa nyuma ya benchi la timu moja ya madaraja ya chini hapa mkoani, kwenye jua la saa tisa. Winga wao wa kulia namfahamu: kijana wa mbio, mabeki huomba maji mapema. Siku hiyo alipanda na mpira mara moja, akarudi akitembea. Dakika ya 20 hivi akapanda tena, safari hii hakurudi. Alisimama mikono magotini huku beki wake akipiga kelele, ameachiwa watu wawili. Jukwaani wakaanza: "Huyo jana kalewa!" Mapumziko mchua misuli alimuuliza kitu kwa sauti ya chini, naye akaonyesha vidole vitatu. Siku tatu za dawa. Kocha alijua, na ndiyo maana alimpanga. Kwake kijana alishapona.

Hapa nagombana na neno hilo, kupona. Vimelea vya malaria hupasua chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni. Dawa huviua ndani ya siku chache, lakini damu iliyokwenda hurudi kwa wiki kadhaa. Karani anaweza asigundue. Winga atagundua dakika ya 20. Bado kuna bandama: malaria ikiwa imeivimbisha, kiwiko kimoja kwenye kona kinaweza kuipasua.

Sisi tunasema "malaria tu" kwa sababu tumeizoea. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta maambukizi kwa asilimia 16 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Shinyanga, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8. Anayekulia humu hujenga kinga kiasi, akiugua haanguki, na asiyeanguka huhesabiwa mzima.

Wakubwa nao imewakuta. Didier Drogba alicheza na malaria wiki kadhaa pale Chelsea kabla haijapimwa na kuonekana Novemba 2010. Msimu uliotangulia alifunga mabao 29 ya ligi, ule akafunga 11. Sisemi malaria peke yake ndiyo iliyokula mabao 18, ila ningependa kuona kocha wa kwetu akilifikiria hilo kabla ya kumwita mtu mvivu. Filbert Bayi wetu, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 Christchurch 1974, aliugua malaria muda mfupi kabla ya Olimpiki ya Montreal 1976. Nchi ikasusia michezo ile, na hatukujua damu yake ingemfikisha wapi.

George Mpole alipofunga mabao 17 ya ligi akiwa Geita Gold msimu wa 2021/22, kila bao lilihesabiwa. Mechi anazocheza mtu akiwa na damu pungufu hazina daftari. Aliyeteguka kifundo huandikwa majeruhi na kupewa muda. Aliyetoka kuumwa hupewa pole na namba yake mgongoni. Kupima wingi wa damu ni tone moja la kidole, kituo cha afya kinafanya. Najua jibu la viongozi: kikosi ni watu 18, hela hakuna. Na mchezaji mwenyewe ataficha, kwa kuwa posho inamfuata anayecheza. Hapo hana tofauti na mwanaapolo, mchimbaji mdogo wa Geita, anayeshuka duarani na homa yake kwa sababu asiyeshuka hana mgao.

Yule winga alitolewa dakika ya 60. Wiki iliyofuata sikumwona hata benchi, nikamuuliza kocha.

"Kashuka kiwango," akasema.