Msituambie Kiswahili Chetu Kibovu

Kuna neno nililolisikia mara nyingi kuliko jina langu katika majuma yangu sita ya kwanza hapa Dar es Salaam. Neno hilo ni "kibovu". Nimelisikia ndani ya daladala, bwenini, dirishani kwa karani, na pia ndani ya chumba cha semina ambamo tunafundishwa kila wiki kwamba hakuna lugha iliyo bora kuliko lugha nyingine. Chungwa huwa bovu. Gari huwa bovu. Lakini naambiwa kwamba na maneno aliyonilelea mama yangu kule Uvira, ambayo kwayo nilijifunza kuhesabu, kuomba chakula na kusali, nayo ni mabovu. Anayeniambia hucheka kana kwamba amenipa zawadi.

Wenzangu wanasema ni utani, nizoee. Sikubali, na nitaeleza kwa nini.

Watu wa daladala sina ugomvi nao. Siku yangu ya pili nilipanda gari Mwenge, na nilipokaribia kufika nikamwambia konda, "Minashuka ku ile kituo." Gari zima likageuka. "Mkongo huyo!" akasema mmoja, na mwingine akanitaka niimbe. Nilicheka nao. Konda alinishusha palepale nilipotaka, maana yake alinielewa tangu neno la kwanza. Kantini vilevile: niliomba bugali na sombe, mama muuzaji akashangaa, nikamwonyesha kwa kidole, akasema, "Kumbe kisamvu!" Toka siku ile ananiita Sombe, na ananiongezea mchuzi. Hayo ni mambo ya majirani wanaojuana upya, nami sina shida nayo.

Shida ilianza chuoni. Kwanza ilikuwa ofisini, nilipopeleka karatasi za kibali cha ukaazi. Nilimsalimu karani kwa Kiswahili, nikaeleza shida yangu kwa Kiswahili, naye akanijibu kwa Kiingereza. Nikarudia kwa Kiswahili. Akaniambia niseme Kiingereza tu, tutaelewana haraka. Mimi nimesomeshwa kwa Kifaransa, Kiingereza changu ni cha kuokoteza. Nimevuka Kavimvira, nimepita Burundi, nimekaa ndani ya basi mpaka miguu ikavimba, nije kusoma Kiswahili katika mji wa Waswahili, halafu naombwa nitumie lugha ya tatu ambayo siijui ili nieleweke. Niliondoka bila kupata nilichokifuata. Nilirudi kesho yake na mwanafunzi wa Kitanzania, naye akasema yaleyale niliyoyasema jana. Alisikilizwa.

Kisha semina. Mwalimu alituuliza kila mmoja aseme ni lugha zipi zinazozungumzwa kwao. Ilipofika zamu yangu nikasema, "Ku nyumba tunasema Kiswahili." Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akatabasamu, akasema kile si Kiswahili hasa, ni Kiswahili kibovu, lakini nisihofu, nitanyooshwa. Najua hakukusudia ubaya. Ni mtu mwema, alinikopesha kamusi yake wiki iliyofuata. Lakini kwa wiki tatu baada ya siku ile sikufungua mdomo darasani, na katika kozi hiyo ushiriki una alama zake. Mwenzangu wa Burundi, tuliyekaa dawati moja, alifanya zaidi ya kunyamaza. Alianza kuongea nami Kifaransa tukiwa kwenye korido, na mwezi haujaisha alikuwa amehamia kozi nyingine. Alikuja hapa kwa hamu ya kuwa mwalimu wa Kiswahili. Sasa anasoma uhasibu.

Basi tulijadili hilo "ku nyumba" kama wanaisimu, maana ndio tuliokuja kujifunza uanaisimu. Kiswahili Sanifu kinasema "nyumbani mwangu". Je, hiyo mw- katika "mwangu" imetoka wapi, ilhali "nyumba" ni ya ngeli ya N? Walimu wetu wenyewe wanatufundisha kwamba ni ngeli ya mahali: pa-, ku-, mu-. Katika lugha nyingi za Kibantu viambishi hivyo hukaa mbele ya nomino. Warundi husema "mu nzu". Waganda husema "mu nnyumba". Kiswahili cha pwani kimeviacha huko mbele, kikaweka -ni nyuma, kikabakiza upatanisho peke yake kama alama ya mguu wa mtu aliyeondoka. Sisi tunasema "mu nyumba yangu", "ku soko", "ku masomo". Sidai kwamba tumehifadhi cha kale. Pengine tumekipata kwa majirani zetu wa Kibantu baada ya Kiswahili kufika. Vyovyote iwavyo, hiyo ni kanuni. Mtoto wa Uvira haikosei. Hasemi "mu" leo na kesho akasahau. Palipo na kanuni inayofuatwa na kila mtu, nionyesheni ubovu uko wapi.

Tena angalieni jinsi mnavyogawa heshima. Mshairi wa Lamu akiandika "mato" badala ya "macho", tunaambiwa ni Kiamu, tunaandika daftarini, tunaulizwa kwenye mtihani. Mtu wa Mombasa akisema chake, hicho ni Kimvita. Kimtang'ata kina mhadhara wake. Mtu wa Bukavu akisema "batoto" badala ya "watoto", hapo hakuna lahaja, kuna ubovu. Kingwana nilikiona katika slaidi moja tu, mstari mmoja, na mhadhiri alikipita akiwa anatafuta chaki.

Na wenzangu wa Dar es Salaam, naomba mnivumilie kidogo hapa. Nimewasikia bwenini. "Nimemisi lekcha, nisendie notsi, kesho tuna tesi." Nimesikiliza kwa makini kwa sababu nilitaka kujifunza Kiswahili chenu. Sentensi nzima ina maneno ya Kiswahili mawili matatu, na hakuna anayecheka. Mimi nikisema "kelasi" kwa darasa, kwa sababu tumelipata neno kwa Mfaransa na Mbelgiji, ninanyooshwa. Kumbe neno la mkoloni mmoja ni usasa, la mkoloni mwingine ni ushamba.

Ningependa pia tukumbushane historia, maana inasomwa hapa lakini nusu yake husahauliwa. Kiswahili kilifika kwetu kabla ya Mbelgiji. Kilikuja na misafara kutoka Zanzibar, kikapita Tabora na Ujiji, kikavuka ziwa Tanganyika mpaka Kasongo, mji alioutawala Tippu Tip. Kilikuja na biashara ya pembe na ya watu, na hilo halina fahari, ila ndivyo kilivyokuja. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, ikaamuliwa Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kwa ajili ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda, yaani nchi zilizokuwa chini ya Mwingereza. Kongo haikuwamo. Ruanda-Urundi haikuwamo. Hatukukataa kuja. Hatukualikwa, kwa sababu bwana wetu alikuwa mwingine. Mipaka ya "Kiswahili kizuri" ilichorwa palepale ilipochorwa mipaka ya himaya, na leo, miaka mingi baada ya bendera zile kushushwa, bado kuna Waafrika wanaoilinda.

Na kwetu watu hawakukaa kimya wakisubiri kunyooshwa. Mwaka 1965, Lubumbashi, André Yav aliandika historia ya mji ule, ulioitwa Elisabethville, akiwaandikia waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Aliiandika kwa Kiswahili cha Katanga, kile wanachozungumza wenyewe. Anayejua kutafuta aitafute hati hiyo, asome, kisha aniambie kama mtu anaweza kueleza maisha yake ya utumwa wa jikoni kwa lugha mbovu.

Linaloniudhi kupita yote hutokea kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani. Siku hiyo tunaambiwa kwa sauti kubwa kwamba wasemaji wa Kiswahili ni zaidi ya milioni 200. Hesabu hiyo mnaipataje bila Goma, bila Kisangani, bila Kalemie na Lubumbashi? Siku ya kuhesabu sisi ni Waswahili. Sherehe ikiisha, viti vikikunjwa, tunarudi kuwa watu wa kunyooshwa.

Najua nitajibiwa kwamba bila sanifu hakuna vitabu vya pamoja, hakuna mitihani, hakuna mkalimani wa Umoja wa Afrika. Nakubali kabisa. Ndiyo maana nimekuja. Sikuacha nyumba yangu ili niwafundishe Kikongo changu, nilikuja kujifunza sanifu, na makala haya nimeyaandika kwa sanifu kadiri ya uwezo wangu. Insha yangu isahihishwe kwa sanifu, alama zikatwe panapostahili. Nikiandika "batoto" kwenye mtihani, nipewe sifuri ya sentensi ile. Lakini kuniambia "hii si sanifu" ni jambo moja, na kuniambia "hii ni mbovu" ni jambo jingine. La kwanza linanifundisha lugha ya pili ya nyumba ileile. La pili linaniambia nimwonee mama yangu haya.

Nami nilimwonea haya. Jumapili ya tano alinipigia simu. Akaniuliza kama nimekula, kama mvua inanyesha, kama batu ba huku beko bazuri. Nikamkatiza. Nikamwambia, "Mama, si 'batu beko', ni 'watu wako'." Akanyamaza. Nilidhani mtandao umekata. Kisha akasema, taratibu, "Sasa mwanangu, ulienda kusoma Kiswahili ao ulienda kutusahau?" Nilijaribu kucheka, naye hakucheka. Mazungumzo yaliyobaki aliongea maneno machache sana, akiyachagua kama mtu anayetembea juu ya vigae, na akaniaga kwa Kifaransa, lugha asiyoipenda.

Hapo ndipo nilipoona ni kazi gani naandaliwa. Miaka mitatu ijayo nitasimama mbele ya watoto arobaini au hamsini wa Uvira wenye mama kama wangu. Kama nitarudi na sanifu peke yake, nitawapa kitu. Kama nitarudi na kile kicheko pia, nitawanyamazisha arobaini wote siku ya kwanza, na wao watahamia Kifaransa kama rafiki yangu alivyohamia uhasibu. Halafu tutaitisha kongamano kuuliza kwa nini Kiswahili hakikui katika nchi jirani.

Kwa wahadhiri ombi langu ni dogo. Kozi ya lahaja iwe na wiki mbili za Kiswahili cha bara, cha Kongo na cha Bujumbura, na tusomeshwe hati zake, si kuhusu makosa yake. Wanafunzi wanaotoka huko mko nao darasani, mnaweza kuwarekodi bila nauli. Kwa wenzangu wa nchi jirani nasema acheni kujificha kwenye Kifaransa bwenini. Tukinyamaza wenyewe, hakuna wa kumlaumu.

Alhamisi ijayo ni zamu yangu ya kuwasilisha semina. Nimechagua viambishi vya mahali. Mifano yote kumi na miwili nimeichukua kwa mama yangu. Nilimpigia tena, nikamwomba radhi, akanitajia kila kitu kilicho mu nyumba, ku soko na mu ziwa, na safari hii ndiye aliyenisahihisha mimi, mara mbili. Atakayetaka kucheka aje mapema. Viti vya mbele huwa havijai.