Vifaru vya Vita vya Kagera



Watunzi wa michezo ya vita ya kompyuta wasivipe vifaru vyote vya Tanzania vya 1979 nguvu sawa. Aina ya 59 ya Kichina, iliyotokana na T-54 ya Kisovieti, ina mzinga wa milimita 100. Aina ya 62 ni nyepesi, tani 21 hivi, na mzinga wake ni milimita 85. Kuikabilisha na T-55 ya adui ni kuitoa kafara.

Kosa baya zaidi ni kuzisahau BM-21. Gari moja lilibeba mirija 40 ya roketi, na askari wa Idi Amin wa Uganda waliziogopa “Saba Saba” hizo kupita kiasi.

Ndege ya Tu-22 ya Libya, iliyomsaidia Amin, nayo ipunguziwe shabaha: ilitumwa kuipiga Mwanza, ikaishia kuua wanyama kisiwani Saanane.

Msomaji, Bukoba