Bustani Ipo, Wapangaji Wako Wapi?

Mwezi Juni 2015 mambo mawili yalifuatana. Tarehe 6, mjini Chicago, Marekani, ilifunguliwa bustani iitwayo 606. Tarehe 18, Vatican ikatoa Waraka wa Baba Mtakatifu Francisko, Laudato Si', juu ya utunzaji wa nyumba yetu ya wote. Tangu nisome habari za bustani ile, nashindwa kuyatenganisha mambo hayo.

606 ilikuwa reli ya mizigo ya Bloomingdale, iliyojengwa juu ya tuta ili kuhudumia viwanda. Viwanda vikafungwa, treni zikakoma, magugu yakaota. Leo ni njia ya kilomita 4.3 yenye miti, watoto wa baiskeli na wazee wanaonyoosha miguu jioni. Bustani yenyewe sina neno nayo.

Neno langu ni kwa yaliyotokea chini ya tuta. Upande wa magharibi, Humboldt Park na Logan Square, waliishi wapangaji wengi wenye asili ya Puerto Rico na Amerika ya Kilatini, katika nyumba za ghorofa mbili tatu, kila ghorofa familia yake. Taasisi ya utafiti wa makazi ya DePaul, chuo kikuu cha Kikatoliki cha hukohuko, ilionyesha mwaka 2016 kwamba bei za nyumba upande huo zilipanda kwa asilimia 48 hivi tangu 2013, mwaka ujenzi ulipoanza. Anayenunua kwa bei hiyo mara nyingi hataki wapangaji. Anabomoa, au anaziunganisha ghorofa zote ziwe makazi yake. Familia tatu zinatoka, moja inaingia.

Wapo wanaojitetea kwamba hakuna aliyekusudia kumfukuza mtu. Sisi wa falsafa hoja hiyo tunaijua: ni kanuni ya matokeo mawili, ambayo mizizi yake imo kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino. Tendo jema laweza kuzaa ubaya usiokusudiwa. Sawa, lakini wanaoikimbilia huisoma nusu (hata darasani tunafanya hivyo, mtihani ukikaribia). Kanuni hudai pia kwamba ubaya ulioonekana mapema na unaoepukika, uepukwe. Huu ulionekana, kwa sababu bei zilipanda kabla utepe haujakatwa. Baraza la Jiji lilipitisha tozo ya ubomoaji isiyopungua dola 15,000 mwaka 2021. Miaka sita ni mirefu mno kwa mtu anayelipa kodi kila mwezi.

Je, maskini waachiwe magugu yao ili kodi isipande? Hapana, huo nao ni ukatili. Katika aya ya 45 Baba Mtakatifu Francisko alilalamika kwamba maeneo ya kijani yaliyotunzwa vizuri huonekana kwenye mitaa iliyo salama, si kule wanakoishi waliosahaulika. Ninachodai ni utaratibu: kwanza viwanja vya nyumba za bei nafuu vitengwe, wakati ardhi bado ni rahisi, ndipo miti ipandwe.

Mwaka 2022 Logan Square ilipata jengo jipya lenye nyumba 100 za bei nafuu, kwenye kiwanja cha jiji kilichokuwa maegesho ya magari. Nimefurahi kulisikia. Ila kiwanja hicho kilikuwapo hata kabla mche wa kwanza wa 606 haujatiwa udongoni.