Nani Alimwokoa Koplo Wetu?

Juzi kijiweni niliuliza swali dogo: Chancy Chitete ni nani? Mmoja akasema straika mpya. Mwingine akasema mwanamuziki wa Kongo. Wa tatu hakuinua hata macho kwenye simu yake.

Niliinuka nikaondoka, kahawa nikaiacha. Hasira zilinipanda na hazijashuka. Na wewe unayesoma, usijifanye ulimjua.

Sikiliza basi. Novemba 14, 2018, karibu na Beni, mashariki mwa Kongo, askari wa Malawi na wa Tanzania, wote walinda amani wa Umoja wa Mataifa, walikuwa wakipambana na waasi wa ADF. Koplo mmoja wa JWTZ akajeruhiwa vibaya, akalala pale pale, hawezi kujisogeza. Risasi zinamiminika. Chitete, praiveti asiye na hata tepe moja mkononi, akamfuata. Akamtoa penye moto, akaanza kumzuia damu. Ndipo naye akapigwa.

Koplo wetu alinusurika. Mmalawi akafa.

Mmalawi! Yule yule tuliyekuwa tukimtolea maneno mwaka 2012 kwa ajili ya mpaka wa Ziwa Nyasa. Umesahau? Mwaka ule kila kijiwe kilikuwa na majenerali wake. Wajerumani na Waingereza waliandikiana mkataba wao mwaka 1890, sisi ndio tukatunishiana misuli. Kule Beni, Chitete hakumuuliza koplo mpaka wa ziwa unapita wapi.

Wazee walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Walisema pia shukrani ya punda ni mateke. Heri punda! Anayekupiga teke walau amekuona. Sisi hata jina la mtu hatulijui.

New York walilijua. Mei 2019 Umoja wa Mataifa ulimtunuku Chitete Nishani ya Kapteni Mbaye Diagne, ile ya ujasiri wa kipekee. Diagne ni yule Msenegali aliyeokoa mamia ya watu Rwanda mwaka 1994 mpaka kombora likamuua. Baada ya familia ya Diagne mwenyewe kuipokea, wa kwanza kuipata akawa huyu praiveti wa Malawi, naye ilimkuta kaburini. Mjane wake ndiye aliyekwenda kuipokea.

Nasi, ambao mtu wetu ndiye aliyeokolewa, tulikuwa wapi? Tumelala. Tulikuwa tumelala hata kabla ya hapo. Desemba 2017, kule Semuliki, huko huko mashariki mwa Kongo, tulipoteza vijana wetu 15 katika shambulio moja. Tulilia, tukazika, tukarudi kwenye mpira. Haya, nitajie jina la mmoja wao. Mmoja tu.

Kimya.

Kijana anayeingia jeshini leo anajifunza nini kwetu? Kwamba ukifa kwa ajili ya mwenzako utakumbukwa mpaka mechi ijayo. Halafu tunashangaa uzalendo umekwenda wapi! Siku risasi zitakapolia tena, nani atatambaa kumfuata mtoto wako? Kwa kumbukumbu ipi? Kwa asante ya nani?

Siombi sanamu. Sanamu zina tenda, na tenda zina wenyewe. Naomba mtaa, huko huko ufukweni mwa ziwa tunalogombea. Madiwani wa Kyela, kama mnanisoma: mtaa mmoja tu wa Chitete, hata ule usio na lami.