Mkia wa panya si kiuno cha babu

Najua niliahidi wiki hii niandike kuhusu boom lililochelewa, lakini hilo tutalilia siku nyingine. Leo kuna jambo la darasani limenikaa kooni. Sisi wa tiba ya mifugo, mwaka wa tatu, tumepewa semina juu ya wanyama wanaotumika kuchunguza kuchakaa kwa diski za mgongo wa binadamu. Basi hapa kijiweni watu wamegawanyika. Kuna wanaosema ni unyama mtupu, wanyama waachwe. Kuna wanaosema bila wanyama hakuna dawa, tusileteane huruma za kwenye sinema. Mimi siko upande wowote kati ya hizo mbili, na naomba mnisikilize mpaka mwisho.

Kwanza tuelewane. Diski ni kile kitu kilichokaa kati ya pingili na pingili ya uti wa mgongo. Katikati ina ute mzito, na kuuzunguka kuna matabaka ya nyuzi ngumu, yamepangana kama maganda ya kitunguu. Ndani yake hakuna mishipa ya damu. Chakula cha seli kinapenyeza taratibu kutoka pembeni, na kwa mtu mzima seli ya katikati inaweza kuwa milimita 6 hadi 8 mbali na mshipa wa damu ulio karibu. Umri ukienda, ute unakauka, nyuzi zinapasuka, diski inapungua kimo. Ndiyo hayo watu wanaita "pingili zimesagika".

Siyo kila kiuno kinachouma kinatokana na diski, lakini tatizo lenyewe ni kubwa. Makadirio ya dunia yanasema mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini. Kwa hiyo anayetafuta tiba hachezi.

Sasa njoo kwa panya. Diski yake ni ndogo mno, haifiki hata milimita chache, kwa hiyo ile njaa ya seli za katikati ambayo babu anayo, panya hana. Halafu kuna jambo la seli zenyewe. Tukiwa tumboni mwa mama, ute wa diski unajengwa na seli zinazoitwa za notokodi. Binadamu zinamwishia utotoni, kwenye miaka 10 hivi. Panya, sungura na nguruwe wanaendelea kuwa nazo mpaka ukubwani. Maana yake unajaribu dawa ya uzee kwenye diski ambayo bado ina mafundi wake wa tangu ujana. Ikipona, utajuaje ni dawa au ni mafundi?

Na diski inaharibiwaje? Mara nyingi kwa sindano. Utafiti wa Masuda na wenzake wa mwaka 2005 ulipanga vizuri jinsi ya kutoboa diski ya sungura kwa sindano za unene tofauti, na wengi wamefuata njia hiyo. Baada ya wiki chache diski inapungua kimo, unapiga picha, unaandika. Safi, inapimika. Lakini jamani, hilo ni jeraha. Babu yangu hakutobolewa na mtu, diski zake zimechakaa kwa miaka 50. Tena mwaka 1995 watafiti walichunguza jozi 115 za pacha wanaume wa kufanana kule Finland, wakakuta kuchakaa kwa diski kunaelezwa na urithi kuliko kazi nzito au kuendesha gari. Sindano haiigi urithi.

Hapa kuna hoja moja inayopendwa sana kijiweni nami siikubali: eti mbuzi na kondoo hawafai kwa sababu wanatembea kwa miguu minne. Wadau, mgongo wa mbuzi haujalala tu kama daraja. Misuli yake inaubana kutoka mbele na nyuma muda wote ili usipinde, na mkandamizo unapita kwenye pingili kwa urefu wake, kama kwetu. Theo Smit wa Amsterdam aliandika mwaka 2002 kwamba hata nyuzinyuzi za mfupa ndani ya pingili za wanyama hawa zimejipanga kufuata urefu huo. Kwa hiyo tukiwakosoa, tuwakosoe kwa haki. Na kwa sababu hiyohiyo nasema ile tabia ya kukata panya miguu ya mbele ili alazimike kusimama kama mtu, ni mateso yasiyo na sababu. Hapo wa kundi la kwanza mko sahihi, nawapa pointi zenu.

Kinachoniumiza zaidi ni maumivu yenyewe. Mgonjwa haji hospitali kwa sababu diski imepungua kimo, anakuja kwa sababu inauma. Mapitio ya tafiti yaliyotoka mwaka 2015, yenye watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo, yalionyesha dalili za kuchakaa kwa diski kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Watu hao hawaumwi! Sasa sungura hawezi kukuambia "daktari, leo afadhali". Tunampima kimo cha diski halafu tunatangaza tumetibu.

Matokeo yake tunayaona. Mwaka 2012 watafiti wa Australia walieleza jinsi kondoo walivyoharibiwa diski kwa kimeng'enya kisha wakachomwa seli shina, na diski zikarudi kimo. Habari njema kabisa. Baadaye seli za namna hiyo zikajaribiwa kwa watu 404, na mwaka 2021 majibu yakatoka: lengo kuu la jaribio halikufikiwa, ingawa kampuni ilisema maumivu yalipungua zaidi kuliko kwa waliochomwa maji ya chumvi. Kondoo hakudanganya. Aliulizwa kuhusu kimo, akajibu kuhusu kimo.

Wale wa "basi wanyama wote waachwe", subirini kidogo. Mwaka 1956 daktari Lewis Thomas wa Marekani aliwachoma sungura dawa itokanayo na utomvu wa papai, ndiyo, papai hili hili letu, na masikio yao yakalegea yakaanguka. Lyman Smith naye akawaza: kama inalegeza gegedu la sikio, si itayeyusha ute wa diski iliyochomoza? Akajaribu kwa sungura, ikayeyusha, na mwaka 1964 akaripoti ya binadamu. Marekani waliiruhusu mwaka 1982. Lakini kwa watu kukatokea mzio mkali na wengine kudhurika mishipa ya fahamu, na mwaka 2003 ikaacha kuuzwa kule. Hata hivyo wazo halikufa: mwaka 2018 Japani waliruhusu kimeng'enya kingine, kondoliase, kwa kazi ya namna hiyohiyo. Sungura aliulizwa "ute utayeyuka?" akajibu kweli. Hakuulizwa, wala asingeweza kujibu, ni watu wangapi watapata mzio.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Kila mnyama ana swali lake analoweza kulijibu. Anayetaka kumuua aandike kwanza swali lenyewe, na aeleze kwa nini mnyama huyo ndiye anayeweza kulijibu. Asiyeweza kuandika, asipewe kibali. Russell na Burch walishasema tangu 1959 kwamba wanyama wapunguzwe, wabadilishwe na njia nyingine inapowezekana, na mateso yapunguzwe. Kwenye diski inawezekana kuliko wengi wanavyodhani.

Chukua mkia wa ng'ombe. Machinjioni mikia ipo kila siku, ng'ombe kashachinjwa kwa ajili ya nyama. Diski zake ni kubwa, na ng'ombe mkubwa hana tena zile seli za notokodi, kama sisi. Kule Davos, Uswisi, wanazitoa nzima, wanazilisha na kuzikandamiza kwa mashine, zinaishi kwa wiki kadhaa. Maswali ya seli na chakula chake yaanzie hapo.

Pili, mbwa wagonjwa. Yule mbwa mrefu wa Kijerumani mwenye miguu mifupi, dachshund, anaugua diski mwenyewe bila kutobolewa. Hansen wa Sweden alishaeleza ugonjwa huu wa mbwa mwaka 1952, na mwaka 2017 watafiti wa Davis, California, wakaonyesha jeni inayohusika. Seli zake za notokodi zinaisha mapema. Ukweli ni kwamba ugonjwa wake unawahi kuliko wa mtu, lakini ni ugonjwa wa kweli, na mwenye mbwa anaweza kukuambia kama ameanza tena kuruka kwenye kochi. Dawa ikifaulu, mbwa mwenyewe anapona. Sisi wa mifugo ndiyo kazi yetu hiyo, tusiwaachie wa upande wa pili wakatuona wafuga panya wao.

Kwa hiyo mjomba akikutumia ujumbe kwamba "dawa ya diski imepatikana", usimbishie wala usikimbilie kuchangisha nauli ya mgonjwa. Muulize imejaribiwa kwa mnyama gani, diski yake iliharibiwaje, na walipima kimo au maumivu. Wazee wetu wanauza mbuzi na mashamba kufuata habari za namna hii, na mbuzi wale hawarudi.

Naomba kuwasilisha. Maoni ruksa, matusi hapana.