Asali ya Singida na kiberiti cha Dar

Nilipotea kidogo hapa kibarazani, na wale mlioniandikia kuulizia nawashukuru. Nilikwenda Singida kwa mambo ya kifamilia. Nimerudi na dumu la lita tano la asali pamoja na hasira. Asali imebaki nusu. Hasira bado haijapungua, na leo naitua hapa.

Jumapili walinitembelea rafiki zangu watatu hapa Dar. Wote wasomi, na mmoja wao ana shahada mbili. Nikaweka asali mezani na mkate. Kabla ya kuonja, yule wa shahada mbili akaomba kiberiti. Akachovya njiti kwenye asali, akaipangusa kidogo, akaikwaruza. Haikuwaka. Akanitazama kwa huruma: "Umeuziwa sukari guru, ndugu yangu." Wa pili akataka bilauri ya maji adondoshee tone. Wa tatu akasema hayo yote ni ya watoto, kipimo cha uhakika ni sisimizi, kwamba sisimizi hawagusi asali halisi.

Nikabaki kimya. Watu waliosoma kemia mpaka kidato cha sita wanaamua hatima ya jasho la mrina asali wa Itigi kwa njiti ya kiberiti!

Nisingewasema kama nisingekuwa na dhambi hiyo hiyo. Miaka michache iliyopita niliandika habari kuhusu "asali feki" zinazouzwa kando ya barabara kuu ya kati. Ushahidi wangu ulikuwa madereva wawili, abiria mmoja wa basi, na njiti. Habari ikachapwa, mimi nikapongezwa. Safari hii niliposhuka Manyoni nilikwenda mpaka kwenye meza ya mama mmoja aliyepanga asali yake kwenye chupa zilizowahi kuwa za maji. Nikamwamkia, akaitikia. Sikumwambia mimi ni nani. Nikamuuliza: "Mama, nitajuaje kwamba hii haijachanganywa?"

Hakukasirika. Akasema: "Mwanangu, na mimi nikuonyeshe nini? Kama kuna karatasi inakatwa mahali, niambie ni wapi nikaikate."

Sikuwa na jibu. Makala hii ndiyo jibu langu, ingawa nimechelewa nalo.

Kwanza tukizike kiberiti. Njiti inapima unyevu tu. Asali ikiwa na maji mengi njiti haitawaka, hata kama nyuki ndiye kaitengeneza mwanzo mpaka mwisho. Sharubati ya sukari iliyochemshwa ikawa nzito itafaulu mtihani huo vizuri kabisa. Tone ndani ya maji linapima uzito wa kimiminika, basi. Na sisimizi? Karibu sehemu nne kwa tano za asali ni sukari. Sisimizi gani huyo aliyekula kiapo cha kutoila?

Kipimo chenyewe kipo, na si kipya. Ni mashine inayoitwa spektromita ya tungamo. Tungamo ni lile neno la darasa la fizikia, kiasi cha mata kilichomo ndani ya kitu. Mimi naiita mizani ya molekuli. Ukisafiri kwenda Singida unaijua mizani ya Njuki, pale malori yanapopimwa kabla ya kuendelea na safari. Hii nayo inafanya kazi hiyo, ila abiria wake hawaonekani. Unachukua sampuli, unazipa chembe zake chaji ya umeme, unazirusha ndani ya chombo kisicho na hewa. Nyepesi inapinda au kuwahi kufika, nzito inachelewa. Mashine inahesabu kila moja kwa uzito wake. Nyingine huivunja molekuli na kupima vipande vyake, na vipande hivyo huitambulisha kama alama za vidole.

J. J. Thomson alitumia babu wa mashine hii kule Cambridge miaka ya 1912 na 1913, akagundua kwamba gesi ya neoni ina atomu za uzito tofauti. Francis Aston akaiendeleza na kupata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1922. Kwa hiyo tunazungumzia chombo chenye umri wa zaidi ya miaka 100.

Sasa sikiliza inavyomkamata mchanganyaji. Kaboni nyingi duniani ni kaboni 12, lakini takriban asilimia moja ni kaboni 13, nzito kidogo. Mimea haichukui hizo mbili kwa uwiano uleule. Miti ya miombo, kichaka cha Itigi na alizeti ziko kundi moja. Miwa, mahindi, mtama na uwele ziko kundi la pili, na zinabeba kaboni 13 zaidi. Nyuki wanapata mbochi hasa kwenye kundi la kwanza. Sukari guru inatoka kwenye miwa, kundi la pili. Ukimimina sukari guru kwenye asali, uwiano unahama, na mashine inauona. Ndani ya asali kuna pia protini kidogo, ambayo mwenye sukari hawezi kuiongeza kwa kumimina sukari. Maabara inalinganisha kaboni ya asali na ya protini yake. Zikitofautiana kupita kiasi, kuna mkono wa mtu. Watafiti wa Marekani waliujua mwanya huu tangu miaka ya 1970.

Wezi nao husoma. Walipojua miwa na mahindi vinakamatwa, wakahamia sharubati ya mchele na ya kiazisukari, ambazo ziko kundi moja na maua ya nyuki. Ndipo zikaja mashine zinazopima uzito wa molekuli mpaka tarakimu nyingi baada ya nukta, kama Orbitrap iliyoingia sokoni mwaka 2005, ambazo husaka alama ndogo zinazoachwa na sharubati hizo. Umoja wa Ulaya ulikusanya sampuli 320 za asali iliyoingizwa kutoka nje kati ya 2021 na 2022, na ripoti ya Machi 2023 ikasema sampuli 147, yaani asilimia 46, zilitiliwa shaka kuwa zimechanganywa.

Kwa hiyo wizi wa asali upo, tena mkubwa, na si wa Manyoni peke yake. Tofauti ni kwamba wenzetu wanazungumza kwa hesabu. Sisi tunazungumza kwa uvumi, na uvumi hauna mahali pa kukata rufaa.

Mtu atasema: sawa, lakini hayo ni mambo ya Wazungu, sisi tunajilia asali yetu. Haya. Nchi inayotaka kuuza asali Ulaya lazima iwe na mpango uliokubaliwa wa kufuatilia mabaki ya dawa. Kwa kanuni zao za mwaka 2021, dawa zilizopigwa marufuku huthibitishwa kwa spektromita ya tungamo. Chukua kloramfenikoli, ile ile ambayo duka la dawa linakuuzia ya matone ya macho. Tangu mwishoni mwa 2022 hatua zinachukuliwa ikifika mikrogramu 0.15 kwa kilo ya asali. Hiyo ni gramu moja iliyotawanywa kwenye malori zaidi ya 220 ya tani 30. Nyuki wetu wa kwenye mizinga ya magome kwa kawaida hawapewi dawa yoyote. Lakini nani atakuamini kwa maneno? Ukweli wako usiopimwa, sokoni unahesabika sawa na uongo.

Kuna jambo moja linaloniudhi zaidi, na naomba unisikilize kwa makini hapa. Mbinu mpya nyingi hazitafuti kitu kimoja. Zinapiga picha nzima ya molekuli za asali yako, kisha kompyuta inailinganisha na hifadhi ya picha za asali zinazojulikana kuwa halisi. Hifadhi hiyo imejazwa asali za nani? Kama asali ya kichaka cha Itigi haimo, au imo kidogo, basi ikipimwa itaonekana ngeni. Ikionekana ngeni, itatiliwa shaka. Nyuki wetu wanatua pia kwenye mtama na mahindi kuchukua chavua. Je, hilo linabadilisha vipi kaboni ya protini kwenye asali ya Singida? Swali hilo halitajibiwa kwa kupima asali ya Ujerumani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la leo ni hilo, na sisi tunasubiri wengine watuandikie.

"Mashine ni ghali." Nakubali, ni ghali kweli, na zinataka umeme usiokatika, mafundi na vipuri. Lakini sijasema kila wilaya inunue yake. Chupa ya mililita 50 inasafiri kwa basi. Mashine za aina hii zipo nchini, Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali inazitumia kwenye kesi za sumu na dawa za kulevya. Tangu 2019 usalama wa chakula umewekwa chini ya Shirika la Viwango, kwa hiyo hata mlango wa kugonga unajulikana. Sheria ya Ufugaji Nyuki tunayo tangu 2002. Hata hivyo kati ya wauzaji wote niliozungumza nao Manyoni na Itigi, hakuna hata mmoja aliyewahi kushika karatasi yenye majibu ya asali yake.

Na usiniambie kwamba nchi hii sayansi haifiki. Juni 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwepo kwa gesi ya heliamu kwa wingi Rukwa. Gesi inayobubujika kwenye chemchemi hupimwa asili yake kwa mashine za ukoo huo huo, kwa kulinganisha atomu nzito na nyepesi. Ajabu nyingine, heliamu hiyo hiyo ndiyo inayotumika kusukuma sampuli ndani ya nyingi ya mashine hizi. Kwa hiyo penye gesi ya kuchimbwa, mizani ya molekuli inafika mpaka porini. Penye chupa ya mama wa Manyoni, tunapeleka kiberiti. Nani aliamua hivyo?

Mwaka huo huo wa 2016 watu 20 walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, kati ya wagonjwa 68. Chemba, moja ya wilaya zilizoguswa, inapakana na Singida. Sumukuvu haionekani wala haina ladha ya kukuonya, na maabara huweza kuipima. Lakini mahindi yalipimwa wakati makaburi yameshachimbwa. Hiyo ndiyo desturi yetu, kipimo kinafuata msiba. Asali isiyopimwa inaua kipato polepole, na msiba wa aina hiyo haufungiwi turubai.

Basi ninachodai ni hiki. Kila msimu zichukuliwe sampuli za asali Manyoni, Itigi, Ikungi, Iramba na Mkalama, moja kwa moja kutoka mzingani mbele ya mashahidi, zipimwe na daftari lake liwekwe hapa nchini, wazi, mtafiti yeyote alione. Vikundi vya wafugaji nyuki vipewe bei ya kupima wanayoiweza, na majibu yarudi kwao kwa Kiswahili, siyo yaishie kwenye kabati la ofisi. Mchanganyaji akikamatwa kwa kipimo, atajwe na ashtakiwe, kwa sababu anawaibia kwanza wafugaji wenzake.

Na sisi waandishi tuache kuandika neno "feki" bila karatasi ya maabara. Naanza na mimi. Nimemwandikia mhariri wa gazeti lililochapa habari yangu ile, nikiomba nafasi ya masahihisho. Mpaka naandika hapa hajajibu. Akikataa, masahihisho yake ndiyo haya unayosoma: sikuwa na ushahidi kwamba asali ile ilikuwa feki. Sikuipima.

Wala sisemi asali ya yule mama ni safi. Sijui, na yeye hana namna ya kunionyesha. Hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Kama unafanya kazi maabara na unajua mtu wa kawaida anapima wapi asali, kwa shilingi ngapi na kwa siku ngapi, niandikie hapo chini kwenye maoni. Mwezi ujao nashuka tena Manyoni, na safari hii sitaki kufika kwenye ile meza mikono mitupu.